Mkono Usiofika Rafu ya Juu

Fundi anayenishonea nguo ana meza barazani kwa duka la vitambaa, na cherehani ya kukanyaga aliyorithi kwa baba yake. Kwa miaka miwili nimemwona akibadili namna ya kufikia majora yaliyo rafu ya juu. Mwanzo alinyoosha mkono wa kulia. Baadaye akawa ananyoosha wa kushoto. Mwisho akaanza kumwita kijana wa dukani amshushie. Hakuanguka, hakugongwa na pikipiki, hakubeba mzigo uliomshinda. Bega lilimpunguzia nafasi kidogo kidogo mpaka siku moja mkono ukagoma.

Mtaani alipewa majibu ya kawaida: umelalia vibaya, ni baridi, ni uzee, ni kuinama sana kwenye cherehani. Akachuliwa, akameza diklofenaki, maumivu yakatulia, kazi ikaendelea. Baada ya mwezi yakarudi. Habari hii wengi wanaijua kwa miili yao wenyewe: msusi anayemaliza siku shingo imekaza, mwalimu aliyesimama ubaoni mkono juu, karani anayetazama kompyuta tangu asubuhi, dereva wa daladala anayegeuka mwili mzima kutazama nyuma kwa sababu shingo haigeuki tena. Makadirio ya kimataifa ni kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 duniani waliishi na maumivu ya shingo peke yake, na hapo mabega hayamo.

Swali ninalotaka kulichambua ni la kabla ya maumivu. Nini hasa huifanya shingo, bega na mgongo wa juu viume kwa mtu asiyeumia popote, na nini kinaweza kuzuia? Ninaamini tumeulaumu mkao kupita kiasi na kuisahau nguvu.

Umbo la bega linaeleza mengi. Kiungo cha nyonga ni tufe lililozama ndani ya kikombe kirefu; ni imara, lakini hakina uhuru mkubwa. Bega liliumbwa kinyume chake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, nacho kinakaa kwenye kisahani kidogo kisicho na kina, kama mtungi uliowekwa juu ya ngata iliyo ndogo kuliko tako lake. Mtungi wa namna hiyo hausimamishwi na ngata. Unasimamishwa na anayeubeba, anayeurekebisha kila hatua bila kufikiri. Kazi hiyo begani inafanywa na misuli minne midogo iliyolizunguka tufe, ambayo huvuta kichwa cha mfupa kikae katikati ya kisahani kila mkono unapokwenda. Misuli hiyo ikichoka au ikidhoofika, kichwa cha mfupa huteleza kidogo kutoka mahali pake, na kano zilizo juu yake hubeba kazi isiyo yao.

Kisahani chenyewe ni sehemu ya kombe la bega, ule mfupa bapa wa pembetatu unaouona ukitembea chini ya ngozi ya mtu anayevuta kamba ya kisima. Kombe halikufungwa mgongoni kwa kiungo cha mfupa. Limetandazwa juu ya mbavu na kushikwa na misuli, na mfupa pekee unaoliunganisha na kifua ni mtulinga. Ndiyo maana mkono ukipanda mpaka juu kabisa, nyuzi 180, bega lenyewe hutoa kama theluthi mbili tu za safari hiyo. Theluthi iliyobaki hutokana na kombe kuzunguka juu ya mbavu. Kombe nalo haliwezi kuzunguka vizuri kama mgongo wa juu, wenye pingili kumi na mbili zilizoshika mbavu, umekakamaa katika kuinama.

Jaribu sasa hivi. Kaa ukiwa umejikunja, kidevu mbele, kisha inua mkono mmoja mpaka unapokomea. Halafu nyanyua kifua, ukae wima bila kujikaza, uinue tena. Kwa watu wengi mara ya pili mkono hufika mbali zaidi, na hakuna kilichobadilika begani. Kilichobadilika ni mgongo. Mtu anayelichua bega lililogoma huku mgongo wa juu umekaza anamwaga maji chini ya mtaro ulioziba juu.

Hapo ndipo wengi wanaruka na kusema: basi, tukae wima. Nawaelewa, lakini ushahidi hauwafuati mpaka mwisho. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji huko New York alichapisha hesabu za kompyuta zilizoonyesha kwamba kichwa cha mtu mzima, chenye uzito wa kilo 5 hivi, kikiinamishwa nyuzi 60 hulemea shingo kwa nguvu inayolingana na kilo 27. Picha ya hesabu hiyo ilizunguka dunia nzima, na wazazi wakapata la kuwaambia watoto wenye simu. Lakini hesabu ya mzigo si kipimo cha maumivu. Watafiti wa Brazili walipowachunguza wanafunzi 150 wa miaka 18 hadi 21 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, hawakuona uhusiano kati ya kuinamia simu na kuumwa shingo. Shingo imeumbwa iiname. Bibi zetu waliinama wakipepeta mchele, wakichagua maharage, wakifuma ukili, na hakuna aliyeona kwamba kuinama ni ugonjwa.

Tatizo la mkao ni muda. Mkao wowote, hata ule wima unaosifiwa, ukishikiliwa saa nne bila kubadilishwa huichosha misuli ileile. Msuli unaofanya kazi ndogo bila kupumzika hauumii kama msuli uliobeba gunia, lakini unachoka kimyakimya, na uchovu huo ndio tunaouhisi jioni kama kamba iliyokazwa kati ya shingo na bega. Kumwambia mtoto kila dakika akae wima kunampa mkao mwingine wa kushikilia. Ni afadhali ainuke akachote maji ya kunywa.

Kuna kitu kingine kinachopaswa kututuliza. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 51 wa miaka 40 hadi 70 wasio na maumivu yoyote ya bega. Walipopimwa kwa altrasaundi, asilimia 96 walikutwa na kasoro fulani: kano iliyochakaa, iliyochanika kidogo, au kifuko cha majimaji kilichovimba. Hao ni watu waliokuwa wakiendelea na shughuli zao bila kulalamika. Kwa hiyo mtu wa miaka hamsini anayepewa picha ya hospitali na kuambiwa kano yake imechakaa asidhani amepewa hukumu. Mengi yanayoonekana kwenye picha ni kama mvi. Tofauti kati ya anayeumwa na asiyeumwa mara nyingi ipo katika kiasi cha kazi ambacho misuli inayozunguka kasoro hiyo inaweza kukimudu.

Sasa linakuja swali ambalo kwetu ni zito kuliko kwa watu wa ofisini Ulaya. Ikiwa dawa ni nguvu, mbona watu wa kazi za nguvu wanaumwa? Mbona mbeba zege anaumwa bega, na mama anayechota maji anaumwa shingo?

Tumtazame huyo mama, kwa sababu sayansi ilikwisha kumtazama. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulieleza siri hiyo: ni mwendo wao, namna mwili unavyobembea juu ya mguu mmoja kwenda mwingine bila kupoteza nguvu iliyokusanywa. Ni ustadi wa hali ya juu, nami naona fahari kila ninapousoma.

Lakini tufanye hesabu. Mwanamke wa kilo 60 anabeba kilo 12 bila gharama. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Hiyo ni theluthi ya mwili wake, na huenda mara nne au tano kwa siku. Ustadi wa kutembea haupunguzi uzito unaokaa juu ya pingili saba za shingo. Watafiti waliowahoji wachota maji wa Limpopo, Afrika Kusini, walikuta malalamiko mengi ya maumivu ya shingo na mgongo. Halafu kuna sekunde mbili ambazo utafiti wa mwendo haukuzipima: kujitwika na kutua. Mama anapojitwika peke yake, ndoo inapita mbele ya uso mpaka juu ya kichwa, na mabega mawili yanabeba kilo 20 mikono ikiwa juu, mgongo ukiwa umepinda nyuma. Zamani neno la kisimani lilikuwa "nitwike", na kila mmoja alimtwika mwenzake. Desturi hiyo ya kutwikana na kutuana ilikuwa kinga ya bega kabla ya mtu yeyote kuiita hivyo, na palipo na bomba la peke yako uani imekwisha sahaulika.

Mfano huu unafundisha kwamba kazi na mazoezi si kitu kimoja, hata kama jasho ni lilelile. Zoezi lina mzigo uliochaguliwa, lina kikomo, lina siku ya kupumzika, na mzigo unaongezwa mwili ukiwa tayari. Kazi haikupi hata kimoja. Haikuulizi kama jana ulilala. Msusi huinua mikono usawa wa kifua kwa saa sita akisuka kichwa kimoja. Misuli inayonyanyua bega inafanya kazi bila kupumua, ilhali ile inayovuta kombe nyuma na chini haipati zamu. Fundi cherehani anasukuma kitambaa mbele maisha yake yote na havuti chochote kuelekea kwake. Kila kazi inajenga njia chache na kuzichakaza kwa matumizi, huku njia nyingine zikiota nyasi. Maumivu huanzia kwenye mpaka huo, mahali ambapo upande mmoja umechoka na wa pili umesahauliwa.

Kazi za zamani za nyumbani zilikuwa nyingi na za pande zote. Kutwanga kulipeleka mikono juu ya kichwa na kuishusha kwa nguvu. Kuvuta maji kulifanya mgongo uvute. Kufua kulisukuma na kukamua. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini, ilimpunguzia mwanamke saa nyingi za mateso, na sitaki mtu yeyote arudishwe kwenye kinu. Ila lazima tukiri kwamba pamoja na mateso iliondoka pia ile safari ya mikono kwenda juu, na hakuna kilichoingia mahali pake. Kijana wa mjini anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuinua mikono yote miwili kupita masikio.

Je, nguvu inayojengwa makusudi inasaidia kweli? Hapa ushahidi ni mzuri kuliko sehemu nyingine zote za mada hii. Mwaka 2003 Ylinen na wenzake wa Ufini walichapisha utafiti wa wanawake 180 wa ofisini waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu ya shingo na mabega, jingine mazoezi ya ustahimilivu kwa mzigo mdogo, la tatu likashauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya mwili kama kutembea. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 73 ya kundi la nguvu walisema maumivu yamepungua sana au yamekwisha. Kwa kundi la ustahimilivu ilikuwa asilimia 59. Kwa wale wa kujinyoosha, asilimia 21.

Nimerudia kuziangalia namba hizo mara nyingi, kwa sababu kujinyoosha ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtu hushauriwa. Kujinyoosha kunapendeza, kunatuliza, na kuna mahali pake. Lakini msuli unaokaza mara nyingi haukazi kwa sababu ni mfupi. Unakaza kwa sababu umechoka. Ukiunyoosha unaupa dakika kumi za raha. Ukiujenga, unapunguza sababu ya uchovu.

Anayesema hana muda asome utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2011. Andersen na wenzake waliwachukua watu wazima 198 waliokuwa wakiumwa shingo na mabega mara kwa mara, wakawapa wengi wao mpira wa kuvuta na zoezi moja tu: kuinua mikono pembeni. Kundi moja lilifanya dakika 12 kwa siku, jingine dakika 2, siku tano kwa wiki, wiki kumi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na la dakika 2 halikuachwa mbali. Dakika mbili ni muda wa kusubiri pasi ipate moto.

Mpira uliotumika Denmark unauzwa katika maduka ya michezo, lakini tyubu kuukuu ya baiskeli inafanya kazi ileile, mradi ikaguliwe isiwe na nyufa. Ikate, ikanyage katikati kwa miguu, shika ncha mbili, inua mikono pembeni mpaka usawa wa bega, ushushe polepole. Kwa uzito, hakuna jimu inayoshinda kidumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kidumu ni chuma unachoweza kukiongeza na kukipunguza kwa kumimina. Anayeanza na chupa ya lita moja kila mkono anajua hasa wiki ijayo aongeze nini.

Ningepewa kazi ya kupangia baraza zima la mafundi, ningeanza na kuvuta, kwa kuwa hicho ndicho walichokosa: funga tyubu kwenye nguzo usawa wa kifua, vuta viwiko nyuma mpaka makombe ya bega yakaribiane, tulia kidogo, achia taratibu. Halafu kugeuza mkono nje, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kubanwa ubavuni, kwa ajili ya ile misuli minne midogo. Kisha kusukuma: ukutani kwanza, baadaye kwenye ukingo wa meza imara, mwisho sakafuni kama pushapu za kawaida. Kisha kidumu kiende juu ya kichwa, chepesi mwanzoni, kwa sababu bega lisilofundishwa kwenda juu halitakwenda siku ya kulihitaji. Kwa mgongo wa juu, lala ubavu magoti yamekunjwa, mikono imenyooka mbele, fungua mkono wa juu kama unafungua kitabu mpaka uguse mkeka nyuma yako, macho yakiufuata.

Kila zoezi liwe la kurudia mara 8 hadi 15, na mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Zisipokuwa ngumu, umecheza tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, wanawake kwa wanaume, wazee wakiwemo. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini na kuendelea, na hakuna atakayeirudisha isipokuwa mzigo. Maumivu madogo wakati wa zoezi, yanayotulia kufikia asubuhi ya pili, si dalili ya kuharibika. Yakiongezeka usiku na asubuhi yakawepo, punguza mzigo, usiache zoezi. Na kano hujengeka polepole kuliko msuli. Anayehesabu wiki atakata tamaa. Ahesabu miezi mitatu.

Kuna maumivu ambayo hayamo katika maelezo haya, na ni lazima niyataje. Maumivu ya bega la kushoto au taya yanayokuja na kifua kubana, jasho na kuishiwa pumzi ni jambo la moyo; ni hospitali wakati huohuo. Mgongo unaouma usiku na mchana pamoja na homa, kukonda na jasho la usiku unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu bado kipo na kinatibika kikiwahiwa. Ganzi au udhaifu mikononi na miguuni pamoja usisubiri kuchuliwa. Na bega linalogandamana, lisiloweza kugeuka nje hata likigeuzwa na mtu mwingine, huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wenye kisukari, na laweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kuachia. Mtu wa namna hiyo ambaye hajawahi kupima sukari akapime. Diklofenaki zinazomezwa wiki baada ya wiki kununua siku za kazi huchoma tumbo na kuumiza figo, na kwa mwenye kisukari au presha figo ndizo za kulindwa kwanza.

Fundi wangu alipima. Sukari yake ilikuwa sawa, na bega lake lilikuwa dhaifu, halikuganda. Mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha mazoezi mawili. Kwa wiki tatu za kwanza aliniambia hayamsaidii kitu. Tyubu aliitundika kwenye msumari uleule wa utepe wa kupimia, kwa hiyo kila akimpima mteja aliiona, na kila akiiona aliivuta. Nilipokwenda kuchukua kanzu yangu mwezi wa tano, jora la kitambaa cheupe lilikuwa rafu ya juu, na kijana wa dukani alikuwa ametumwa chai. Fundi alinyoosha mkono wa kulia akalishusha, polepole, akaliweka mezani, akaendelea kuzungumza habari za vifungo. Kwenye msumari niliona tyubu mbili zimefungwa pamoja. Nikamuuliza.

"Ile moja imekuwa nyepesi, mwanangu," akasema, akachukua chaki.